Taa Inayopepesa kwenye Gari la Baba

4 Februari

Dada Spana,

Shikamoo. Hapa nyumbani wote wazima, ukiacha mafua ambayo yameingia kama mgeni asiyejua kuaga. Mke wangu anakusalimu. Anasema umenenepa kwenye ile picha, nami nimemwahidi kwamba sitakuambia. Baba hajambo. Amenyoa ndevu, na sasa anafanana na wewe, jambo ambalo halikumfurahisha.

Naandika barua kwa sababu simu imeshindikana. Ukipiga, Baba anataka iwekwe spika. Ukituma ujumbe, yeye ndiye wa kwanza kuudaka na kuusoma kwa sauti mpaka majirani wanajibu. Barua zitakuja dukani kwangu, nitazifungua kati ya vitambaa.

Jambo lenyewe ni gari ulilomletea. Tangu wiki iliyopita ile taa ya injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na gari linatetemeka kama lina homa. Baba alilizima palepale getini. Akasema taa ikiwaka tuli unaweza kufika nyumbani, lakini ikipepesa dereva mwenye adabu anasimama. Tukalisukuma mpaka uani, na ndipo lilipo.

Yule fundi wa mtaani tunayemwita Bwana Kesho alikuja na kifaa chake cha kusomea kompyuta ya gari. Hakufungua hata boneti. Alikichomeka chini ya usukani, akasoma, akatangaza kwamba silinda ya pili inamisi, yaani haichomi petroli. Kisha akasema atarudi kesho. Unamjua.

Sisi hatuna haraka. Nimekuarifu tu, kwa kuwa fundi magari wa ukoo ni wewe. Mimi nashona suruali.

Mdogo wako

21 Februari

Bwana Pindo,

Marahaba. Poleni na mafua. Mwambie wifi yangu kwamba aliyenipiga picha alikuwa amechuchumaa, na kwamba mume wake hawezi kutunza siri hata ya kilo mbili. Huku salama. Gereji imepata tajiri mpya, mtu wa viatu vyeupe, anaruka madoa ya oili kama anaruka madimbwi. Tunayaongeza kidogo kila asubuhi ili afanye mazoezi.

Sasa hilo neno lako, "hatuna haraka." Nani huyo asiye na haraka? Baba, aliyeendesha basi la shule mpaka siku anastaafu? Yule bila usukani hajui mikono aiweke wapi. Gari hilo ndilo linalomtoa kitandani. Ndilo linalompeleka sokoni Jumamosi na majirani wamejazana nyuma, wote wakimwita Dereva. Ukimnyang'anya hilo atakaa kwenye kiti na kuanza kujizoesha kufa. Nataka arudi barabarani, na nataka arudi upesi.

Weka mkasi chini unisikilize. Taa ikipepesa, maana yake petroli inaingia kwenye silinda haichomwi, inatoka mbichi, inakwenda kuungulia ndani ya ekzosi na kuunguza kichujio cha moshi. Kwa hiyo Baba alifanya vema kulizima. Fungua boneti. Juu ya injini utaona koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimepangwa mstari, kila moja na waya wake. Koili ya pili ihamishie mahali pa kwanza, ya kwanza ije pa pili. Washa, mwite Bwana Kesho apime. Ugonjwa ukihamia silinda ya kwanza, koili ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, fanya hivyohivyo kwa plagi. Ni kazi ya muda wa kushona kifungo, tena kwa fundi mvivu.

Nijibu upesi.

Dada yako

10 Aprili

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Shule zimefungua, kila mama amegundua siku ileile kwamba mtoto wake amerefuka, na duka langu limejaa sare mpaka mimi mwenyewe nakaa nje. Mke wangu hajambo. Anasema tajiri wako mvumilieni, huenda hivyo viatu ameazima.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Nimehamisha koili, ugonjwa haukuhama. Nimehamisha plagi, haukuhama. Bwana Kesho naye anatikisa kichwa, na kutikisa kichwa inaonekana ndiyo ada ya kazi yake.

Baba yupo. Asubuhi anafuta vumbi, anafungua mlango, anakaa kwenye kiti cha dereva na kusikiliza redio. Usukani anaushika. Majirani wakipita wanamuuliza safari lini, anawajibu kwamba gari ni bovu. Analisema vizuri tu, bila uchungu. Huko sokoni wanakwenda kwa miguu, hakuna aliyekufa.

Nimekuwa nikifikiri, dada, labda tuliache lipumzike. Vitu navyo huchoka.

Mdogo wako

18 Aprili

Pindo,

Mimi mzima, wewe sijui. Gari si punda. Halipumziki, linaoza. Betri inakufa, matairi yanalala upande mmoja, panya wanahamia kwenye viti na kuzaa. Ukiona mtu anakushauri gari lipumzike, jua yeye ndiye aliyechoka.

Nimekutumia koili mpya na plagi nne. Vifunge vyote, usichague. Na kuna jambo sikulielewa kwenye barua yako. Koili si yenyewe, plagi si zenyewe, basi kinachofuata ni waya. Kila koili ina soketi ya waya, na soketi ina kishikizo cha kubonyeza. Ya pili umeitazama? Mtu aliyefungua koili zote mbili hawezi kukosa kuiona, ni kama kushona mkono wa shati usione kwapa.

Halafu niambie hili. Baba amefungua maboneti tangu sisi hatujazaliwa. Basi la shule likikohoa alikuwa anashuka na kulitengeneza huku watoto wanaimba. Iweje leo anakaa ndani ya gari anasikiliza redio, wala hafunui kuangalia? Anaumwa? Usinifiche, mficha maradhi kifo humuumbua.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Sote tupo. Mafua yaliondoka, likaja jino la mke wangu, nalo limeng'olewa. Baba haumwi. Anakula, anagombana na redio, analala.

Kifurushi chako nilikipata zamani. Nimekiweka kabatini pamoja na vifungo, hakitapotea.

Umeandika maagizo mengi na yote mazuri. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Gari ulilileta wewe mwenyewe, ukakaa siku chache, ukala, ukaondoka, na tangu hapo hatujakuona. Unatuma koili, unatuma plagi, sikukuu iliyopita ulituma raba za waipa. Kila kitu chako kinafika hapa isipokuwa wewe. Baba akiulizwa binti yake yuko wapi anapiga boneti kofi, anasema huyu hapa. Majirani wanacheka. Mimi nilicheka mara ya kwanza tu.

Kwa hiyo kabla hujanipigia kelele juu ya soketi, jiulize nani anaishi na mzee na nani anaishi na kitabu cha vipuri.

Mdogo wako

15 Juni

Mdogo wangu,

Wifi apone. Kofi la boneti nimelipata, asante, limefika shavuni.

Lakini umelitupa ili nisitazame kwingine, na mimi kazi yangu ni kutazama kwingine. Wiki kadhaa zilizopita nilimpigia simu Bwana Kesho. Nilimwambia aende uani mwenyewe ukiwa dukani, afungue boneti, asimwambie mtu. Alikwenda. Ajabu, alikwenda siku hiyohiyo, nadhani kwa sababu alijua ni siri. Akakuta koili hazijawahi kuguswa, vumbi limekaa juu yake kama unga. Na soketi ya pili ilikuwa imechomolewa. Akairudisha, akawasha, taa ikazima, injini ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Baba alikuwa amelala.

Nikamwambia apite tena baada ya siku kadhaa. Akakuta taa inapepesa upya. Safari hii silinda ya tatu.

Mdogo wangu, nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeona maradhi ya kila namna, lakini sijaona maradhi yanayokataa kuhama yakihamishwa, kisha yanaamka yenyewe na kwenda kwa jirani. Ile soketi haichomoki kwa mtikisiko. Inachomolewa na mkono wenye kidole gumba. Umekaa miezi minne unaniandikia kuhusu koili ulizohamisha, mwongo wa kushona bila uzi.

Unataka nini? Gari la mzee? Au umechoka kumsikia akiitwa Dereva na wewe ukiitwa fundi tu? Nijibu kabla ya mwezi kwisha. La sivyo nitampigia Baba, na nitamwomba aweke spika.

Dada yako

24 Juni

Dada,

Sina salamu za kupamba. Sote wazima.

Nilichomoa mimi. Ulinifundisha mwenyewe siku ulipolileta, ulikuwa unanitania kwamba nishike kishikizo kama ninavyoshika sindano.

Mwishoni mwa Januari nilikuwa na Baba garini tunatoka kununua vitambaa. Pale kwenye kivuko cha shule watoto walikuwa wanavuka, na mwanamke anayewavusha alikuwa katikati ya barabara na kibao chake kimeinuliwa. Baba hakupunguza. Alikuwa ananisimulia habari fulani, anaangalia mbele, macho yamefunguka, na hakuona kitu. Nilipiga kelele. Mwanamke aliwavuta wawili, wa tatu alijirusha mwenyewe na kuacha mkoba wake barabarani. Tulipita juu ya mkoba. Niliusikia chini ya tairi la upande wangu, dada. Baba akasema barabara hii mashimo yamezidi, akaendelea na habari yake.

Ungefanya nini wewe? Ungemwambia? Yule aliyewabeba watoto wa watu maisha yake yote bila kumkwaruza hata mmoja, nimwambie kwamba amebakiza hatua moja aue? Nilijaribu siku ya kwanza, nikafungua mdomo nikauliza kama anataka chai. Siku ya pili vilevile. Chai ilinywewa sana hapa nyumbani. Ufunguo siwezi kumficha, ataona namfanya mtoto. Daktari wa macho hataki kumsikia, anasema macho yake yalipimwa na barabara.

Baba hamtii mtu. Hakumtii mama, hakunitii mimi, na wewe umemrithi, humtii hata yeye. Anaitii taa. Ikipepesa anasimama, na hamlaumu mtu, wala hapungukiwi. Gari bovu ni heshima kuliko dereva mbovu. Basi nikampa taa.

Ulivyotuma koili nilitaka kucheka na nikashindwa.

Lakini jambo moja, na hapa siongopi kwa sababu sina tena cha kuongopea. Nilichomoa ya pili. Sikujua kwamba Bwana Kesho aliirudisha, sijafungua boneti tangu siku ile. Ya tatu sijaigusa.

Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,

Niliyokuandikia kuhusu gari la mzee na kuitwa Dereva, yafute. Nilikosea, na nilikosea kwa ujeuri.

Nimesoma habari ya kivuko kisha nikatoka nje kusimama kidogo. Tajiri aliniuliza nimepatwa na nini, nikamwambia nimevuta moshi wa gari lake.

Hata hivyo umefanya ujinga. Waya unaopachikwa kwa kidole unachomolewa kwa kidole na unarudishwa kwa kidole. Siku yoyote mtu angeurudisha na mzee angetoka getini anaimba. Na kweli mtu aliurudisha, na mtu huyo nilimtuma mimi. Siku zote hizo alikaa na gari zima uani, na shule zimefunguliwa.

Sasa hesabu nami. Si wewe uliyechomoa ya tatu. Bwana Kesho hawezi, yeye hapati kitu kwa gari lililokufa. Mke wako hajui boneti linafungukia upande gani. Uani kwetu amebaki mtu mmoja, na huyo ameshika soketi kabla hujashika penseli.

Nenda kamuulize. Usimpikie chai. Kamuulize kwa mdomo.

Dada yako

9 Julai

Dada,

Shikamoo. Mke wangu anakusalimu, amekaa hapa pembeni nikiandika, anasema niandike yote.

Nilimkuta garini Jumapili. Niliingia kiti cha abiria, nikafunga mlango, nikazima redio yake, kitu ambacho hakijawahi kufanywa na binadamu aliye hai. Nikamwambia kwamba nilichomoa waya. Hakugeuka. Akasema anajua, alifungua boneti siku ileile ya kwanza nilipokwenda dukani, na alijua ni mimi kwa sababu waya ulikuwa umekunjwa vizuri na kulazwa pembeni. Akasema mwizi hakunji.

Nikamuuliza mbona aliuacha. Akasema siku moja aliwasha gari ili asikilize redio akakuta taa imezima, injini imetulia. Akakaa akingoja nije niuchomoe tena. Sikuja. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, majirani walimwona amekaa, wakaja na vikapu vyao. Akaogopa. Akawaambia wangoje kidogo, akafungua boneti mbele yao akijifanya anapima oili, akachomoa ya tatu, maana kishikizo cha ya pili kilikuwa kigumu kwa vidole vyake. Akawaonyesha taa. Wakampa pole.

Nikamwambia, "Baba, si ungesema tu."

Akasema, "Na wewe si ungesema?"

Tulikuwa wanaume wazima wawili kwenye gari ambalo haliendi popote. Halafu akasema lililonifanya nikuandikie leo badala ya kesho.

"Lile halikuwa shimo."

Alijua, dada. Alijua tairi likiwa bado juu ya mkoba. Kesho yake alikwenda mpaka shuleni kwa miguu, akamtafuta yule mwanamke wa kibao, akamwomba amwonyeshe mtoto. Alimnunulia mkoba mpya. Mtoto akamuuliza yeye ni nani, akasema ni dereva. Anasema tangu siku ile hilo neno linamkwama.

Nililia. Yeye hakulia, alinipa kile kitambaa chake cha kufutia vioo.

Ufunguo hataki kunipa mimi. Anasema tunakaa nyumba moja, kila asubuhi ataniomba, na mimi moyo wangu ni wa pamba, nitampa. Anasema aliyelileta ndiye alitoe. Nimemwambia nitakuandikia, lakini sikumwahidi kitu, kwa sababu sijui kama unakuja.

Mdogo wako

20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu kwa wifi, na mshukuru kwa kukukalia pembeni, bila yeye ungekatisha katikati.

Barua yako niliisomea chini ya gari la mteja, mahali pekee hapa gereji ambapo mtu anaweza kulia na wenzake wakadhani oili imemwingia machoni.

Ulinipiga kofi mwezi Juni nami nikalikwepa, sasa nalipokea. Si kazi iliyonizuia kuja. Kila ulipotuma picha ya Baba niliitazama haraka nikaifunga. Nikijua yuko barabarani na majirani nyuma, basi kwangu alikuwa yuleyule, na mimi nilikuwa nimetimiza wajibu. Ninyi wawili mlichomoa waya kwa sababu mlimwona mtu. Mimi nilikazana waya urudi kwa sababu sikutaka kumwona. Tazama familia ilivyojaa mafundi, na hakuna hata mmoja anayeweza kufungua mdomo.

Nakuja. Nimeomba ruhusa kwa mtu wa viatu vyeupe, ameitoa upesi mno mpaka nimekasirika. Nitarudisha soketi ya tatu mahali pake, nitaliendesha mwenyewe hadi huku na kuliuza, na Baba atakaa kando yangu mpaka mwisho wa mtaa, akinifokea gia. Baada ya hapo atashuka. Hilo nitamwambia mimi, kwa mdomo, uso kwa uso.

Nina ombi moja, usilicheke. Siku ninayofika usimwambie. Akijua, atataka kuja kunipokea stendi. Atapiga simu, ataweka spika, ataniuliza basi linaingia saa ngapi ili awashe gari mapema. Hapo, mdogo wangu, pamoja na yote niliyokuandikia, mimi nitamtajia saa.

Nitatembea.

Dada yako